Nani Kamnyonyesha Mwanangu

Mtoto mwenye njaa hana adabu. Ukirudi kazini anakupokea kwa ngumi, anavuta kanga kabla hujakaa, na ukichelewa anakuuma kwa ufizi. Ndivyo alivyokuwa wangu bamvua za mwanzo, zile siku maji yanapotoka mbali na sisi wanawake tunashuka kwenye mwani tangu asubuhi. Karibuni alianza kutulia, nikajisifu kuwa ni mvumilivu. Lakini siku ile nilimkuta amelala chali juu ya mkeka wa bibi yake, mikono kaiachia, tumbo limemjaa kama dafu. Mimi nguo zimeganda chumvi, maziwa yamekuwa magumu kama mawe, yanadondoka yenyewe. Nikamweka kifuani. Akaramba mara moja, akageuza uso, akaendelea na usingizi wake.

Alikuwa na miezi minne. Mtoto wa miezi minne hafungi.

Nikamuuliza mavyaa wangu, mama wa mume wangu, mtoto kala nini. Akasema hajala kitu, kalala tu, watoto wengine Mungu kawaumba wavumilivu. Aliyasema hayo huku anachambua mchele, na hakuinua uso. Mimi nikamnusa mwanangu. Pembeni mwa mdomo palikuwa na utando mweupe uliokauka, na nywele zake zilinuka mafuta ya karafuu. Nyumba nzima ile anayejipaka mafuta ya karafuu ni mtu mmoja, wifi yangu. Anajisugua mgongo tangu alipojifungua.

Basi nikajua. Kilichobaki ni kumtoa mavyaa maneno, na hiyo ni kazi.

Tunakaa Wingwi, huku Pemba, nyumba ya mavyaa, mimi chumba cha kushoto, yeye cha kulia. Mume wangu yuko Unguja kwenye ujenzi, anakuja sikukuu na akipata nafasi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, kaolewa Tanga. Alikuja kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada, akapata msichana, arobaini ikapita, na bado yupo. Mumewe, fundi wa mafriji, huvuka kila baada ya muda na mizigo ya vitenge na unga wa ngano, na mavyaa akimwona husahau kama ana watoto wa kiume wa kuzaa mwenyewe. Mkwe gani huyo, husema, mkwe kama huyo mtu humwombea dua.

Sikuwa na ugomvi na wifi. Nilikuwa na jicho naye tu. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alikuwa akiingia chumbani, akisukuma mlango, na nikipita nasikia kifuniko kinazungushwa, kisha maji yanamezwa. Siku moja niliingia kuazima sindano ya kushonea, nikakiona kikopo chenyewe ndani ya begi lake la nguo, kikopo cheupe cha plastiki, karatasi ya jina imebanduliwa mpaka gundi imebaki. Nikakitikisa. Hakikulia. Nikafungua, nikakuta pamba imeshindiliwa juu ya vidonge ili visigongane. Nikakirudisha. Alipokuja nikamwuliza ni dawa gani, akasema vitamini za mzazi. Mimi pia ni mzazi. Vitamini zangu nilipewa kwenye karatasi na nikazimeza uani mbele ya kuku. Nani anaivisha vitamini pamba?

Nilinyamaza kwa sababu tumbo lilikuwa lake. Sasa lilikuwa tumbo la mwanangu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na mwalimu wa Bayolojia alitufundisha kwamba virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu, kwenye kulala pamoja, na kwa mama kwenda kwa mtoto, hata kwenye maziwa. Hilo la maziwa nililijibu kwenye mtihani, nikapata alama yangu, nikaendelea na maisha.

Nilimsimamia mavyaa pale kwenye mchele mpaka akachoka na kivuli changu. Akasema haya, kalia, wewe hupo, nikampa wifiyo. Kwani kumetokea nini? Nikamwambia nilishasema mtoto asipewe kitu. Akacheka, akaniangalia kama anayemhurumia mtu mjinga.

"Uji wa mtama umekataza. Maziwa ya ng'ombe umekataza. Maji ya sukari umekataza. Kliniki wamesema maziwa ya mama tu, n'kampa maziwa ya mama. Yule si mama?"

Hasira ikanipanda. Nikauliza mara ngapi. Akasema leo tu, mara hii moja, na hata haikuwa sana. Alisema haraka mno. Mavyaa wangu mtu wa kusimulia. Ukimuuliza bei ya dagaa anaanzia kwenye harusi ya mtu. Jibu fupi kwake halitoki bure.

Jioni nikampigia mume wangu simu. Nilimwambia yote, kikopo, pamba, mafuta ya karafuu. Akaniambia nisimchafue dada yake, maneno kama hayo yakitoka nje ya nyumba hayarudi. Nikamuuliza dada yako anameza nini. Akasema hajui. Nikamuuliza na mwanao je. Akasema tumwachie Mungu. Nikakata simu. Mungu nimemwachia mambo mengi, lakini haya ya kwenda hospitali aliniachia mimi.

Asubuhi nikasema nampeleka mtoto sindano. Sikwenda Micheweni, ingawa ndiko karibu, kwa kuwa pale hata mfagiaji ananijua mimi binti wa nani na nimeolewa wapi. Nikapanda gari mpaka Chake, nikatafuta kituo kimoja upande wa Gombani ambako sikuwa na jamaa. Njia nzima nilikuwa nikimwangalia mwanangu kwenye ulimi, kwenye macho, kwenye kucha, natafuta kitu ambacho sikujua kinafananaje.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi, mkubwa kwangu kidogo, hana maneno ya kupoza. Nikamweleza mlango umefungwa. Hakushtuka, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi, nikafikiri pengine anamjua wifi. Aliniuliza mtoto kanyonya lini. Nikasema jana mchana. Akasema vizuri, maana dawa ya kuzuia virusi visishike mwilini inatakiwa kuanza mapema kabisa, na siku tatu zikishapita haina kazi tena. Akatoka kwenda kuzungumza na daktari, akarudi na kichupa cha dawa ya maji na bomba la sindano lisilo na sindano.

Nikamzuia mkono. Nilimuuliza atampaje mtoto dawa na hata hajui kama yule mwanamke anaumwa. Mimi kwa akili yangu mtu hupimwa kwanza, dawa baadaye. Mtu akikuharakishia dawa, jiulize anakuharakishia nini.

"Mtoto akinywa mafuta ya taa, utasubiri kwanza ukapime chupa?" akasema. "Tunaanza dawa. Wewe ukamlete huyo wifi apimwe. Akiwa hana, tunaisimamisha. Akiwa nazo, mtoto atamaliza mwezi mzima, halafu tutampima. Dawa hii si hukumu, mama. Ni mlango tunaufunga kabla mwizi hajaingia."

Nikauliza kama mwizi keshaingia je. Akasema ndiyo maana anataka kujua jambo moja, na nimwambie kweli. Kanyonya mara ngapi? Nikasema naambiwa mara moja. Akaniuliza, unaambiwa, au unajua? Nikamwambia naambiwa. Akasema kama ni zaidi, kama ni tangu wiki zilizopita, basi hesabu inabadilika, kwa sababu dawa hii haiwezi kurudi nyuma, na mtoto itabidi atolewe damu kisiginoni ipelekwe maabara tungoje majibu.

Kisha akasema nami nipimwe. Nikamwambia nilipimwa na mimba. Akauliza tangu hapo mumeo analala wapi. Nikamkodolea macho. Hakurudi nyuma. Nikampa kidole, akanichoma, majibu yakatoka sina, lakini lile swali lake nilitoka nalo mlangoni na mpaka leo halijanitoka lote.

Kuhusu kikopo, nilimweleza kila kitu nikitegemea ataniambia ndiyo, ni dawa zao wale. Hakuniambia. Alisema hawezi kusema dawa ya mtu asiyekuwapo, na tena nisidhani kila anayemeza ni mgonjwa, wako wanaomeza wazima ili wasipate. Sikumwamini. Niliona ni maneno ya watu wa hospitali, wamefundishwa kusema hivyo ili tusikimbie. Mzima gani anameza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao? Mtoto akapewa tone lake la kwanza, akakunja uso, nikaificha chupa ndani ya nepi safi tukarudi.

Njiani nilipanga. Nikimuuliza mavyaa moja kwa moja atasema tena mara moja, na ataapa. Nikimtajia ugonjwa atapiga kelele mtaa ujue. Lakini namjua mavyaa wangu kwenye nini hawezi kuvumilia. Hawezi kuvumilia kuambiwa hajui dini.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikaketi, nikachukua kisu, nikasaidia. Nikazungumza habari za njiani, nani kapata mtoto, nani kavunja mguu. Kisha nikasema, kama mtu anayekumbuka tu, kuwa nasikia watu wameanza kusema wale watoto wawili sasa ni ndugu wa kunyonya, kumbe bado. Mara moja haifanyi udugu. Madrasa tulisomeshwa ni mara tano, na kila mara mtoto ashibe aache mwenyewe. Kwa hivyo hata kuoana wataoana tu.

Mavyaa aliweka muhogo chini.

"Nani kakwambia mara moja?" akasema. "Wewe unadhani mimi sijui kuhesabu? Hao ndugu, na udugu wao umekwisha kukamilika kabla hujaota kuusemea."

Akaanza kunihesabia. Bamvua ile ya kwanza wifi alipotoka arobaini, siku zote nilizoshuka. Bamvua iliyofuata. Siku ya maziko ya jirani nilipokwenda kupika. Siku nilipolala na homa. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, vikamalizika, akahamia wa kushoto, akafika kidole gumba akaanza upya, na uso wake umechanua. Alisema alinuia tangu mwanzo. Binti yake kapata mtoto mmoja, wa kike, ugenini hana kaka, na hapa ndani yupo mwanamume bure. Mungu ampe nini tena? Siku watakapokuwa wakubwa watamshukuru bibi yao.

Nilikuwa nimekishika kisu nikakiweka mbali nami. Wiki zote zile. Kila nilipokuwa nimeinama kwenye maji nafunga mwani kwenye kamba, nikijisifu kuwa mwanangu mvumilivu. Kila nilipoambiwa kalala tu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kliniki kwa kifua mbele, nikiulizwa anakula nini, najibu ziwa langu tu.

Nikainuka. Nilimfuata wifi.

Alikuwa anaanua nguo nyuma ya nyumba, mtoto wake amemfunga mgongoni. Nilimwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa hasira yangu ikizidi sauti hushuka, kwamba najua kila ziwa alilompa mwanangu, na nimekiona kikopo na pamba yake, na sitaki kusikia habari ya vitamini. Anieleze anaumwa nini, na kama hataki, twende tukamuulize mbele ya mama yake.

Alikunja ile nguo aliyoishika, akaifungua, akaikunja tena. Nilimwona anatazama upande wa uani mavyaa alikokuwa.

"Mimi siumwi," akasema. "Mume wangu ndiye anaumwa."

Nikamwambia ni mamoja. Akasema si mamoja. Akanieleza, maneno yanatoka moja moja. Alikuwa na mimba changa alipopimwa Tanga, na mumewe naye akaitwa apimwe. Yeye alikuwa hana, mume anazo. Mume kaanza dawa, lakini mara ya kwanza hakuzifuata vizuri, aliona haya kwenda kuchukua, na virusi vyake vilikuwa bado juu. Wakamwambia wifi, wewe umeze dawa kinga kila siku, bila kuruka, uitunze nafsi yako na mtoto wako, mpaka vya mumeo vishuke. Kila miezi mitatu anapimwa. Hajawahi kukutwa nazo. Huku Pemba huenda kuzichukua Chake, mama yake anadhani anafuatia shauri la vyeti vya mtoto.

Niliyasikia yote. Sikuyaamini hata nusu. Ningekuwa mimi na ninazo, na nimekamatwa uani kwa wakwe, si ningesema hivyo hivyo? Tena nilikumbuka yule mumewe na vitenge vyake, tulivyompikia, tulivyomlalisha kitanda kizuri, na huyu akijua.

Nikamuuliza kama anajua yote hayo alimpaje ziwa mwanangu. Hapo ndipo na yeye alipokasirika. Alisema ataniambia kitu nami nikubali au nikatae. Mama yake alimletea mtoto analia mpaka sauti imekauka, akamwambia mnyonyeshe. Akikataa, aseme nini? Amwambie mama yake ana nini? Mama angemuuliza ziwa lako lina nini hata umnyime mtoto wa ndugu yako, na asubuhi mkwe wa dua angekuwa kaachwa na Wingwi nzima inajua kwa nini.

"Wewe unanituhumu ninazo," akasema. "Mimi nimempa mwanao ziwa ambalo najua ni zima, kwa sababu linapimwa. Lako lilipimwa lini mara ya mwisho?"

Ingekuwa siku mbili kabla ningempiga kofi. Bahati yake nilikuwa nimepimwa asubuhi ile, nikamwambia leo. Nikamwambia maneno sikatai, lakini mwanangu anakunywa dawa chungu kwa ajili yake, na mimi siwezi kuisimamisha kwa maneno. Kesho twende sote, achomwe kidole mbele yangu. Nilitegemea atakataa. Nilitaka akatae, nadhani, nipate kumchukia kwa raha. Alisema tutoke mapema kabla mama hajaamka na maswali.

Asubuhi tukapanda gari la Chake. Alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma, kila mtu na mtoto wake. Nilikuwa nikimtazama shingo. Gari likisimama popote nilijiuliza kama atashuka. Tulipofika Chake akasema ana kiu, akaingia dukani, nami nikasimama mlangoni mwa duka mpaka akatoka na maji. Aliniona. Akanifungulia chupa akanipa ninywe kwanza, nikakataa, kisha nikanywa.

Muuguzi alikuwa yule yule. Sikukosea, walikuwa wakijuana. Walisalimiana kama watu wa siku nyingi. Nikasema moyoni, haya, ndio hao wamekwisha kupatana. Nikamwambia muuguzi nataka kukiona kipimo kwa macho yangu. Akamuuliza wifi kama anaridhia. Wifi akasema aone, aone mpaka ashibe.

Alichomwa. Damu ikadondoshewa kwenye kile kijiplastiki cheupe, ikafuatiwa na dawa. Muuguzi akanieleza, mstari mmoja maana yake havikuonekana, miwili maana yake vipo. Tukakaa. Watoto wawili tuliwaweka kwenye kitanda cha kupimia, wakawa wanashikana vidole, na mimi sikuondoa macho kwenye lile dirisha dogo la kipimo. Ukikiangalia kitu kama kile kwa muda unaanza kuona mistari isiyokuwapo. Mara mbili niliuona wa pili. Mara mbili nikafuta macho, haupo.

Muda ulipotimia muuguzi akakigeuzia kwangu. Mmoja. Nikakichukua nikaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Mmoja tu.

Bado sikuridhika. Nikauliza kama zile dawa haziwezi kuvificha, kama hivi vidonge vyenyewe ndivyo vinavyomfanya aonekane mzima. Nilidhani atanigombeza. Badala yake alikaa chini, na akasema hilo swali lina maana, ndiyo sababu hawaishii kipimo kimoja. Huyu amepimwa kila anapokuja kuchukua dawa, hajaruka hata mara moja, na kila mara ni huu huu mstari mmoja. Anajikinga, na kinga imemshika. Akaenda kwa daktari, akarudi, akasema dawa ya mtoto isimame leo. Nikasema nataka mtoto atolewe damu vile vile, ile ya kisiginoni.

"Anayenyonyesha hana, wewe huna," akasema. "Mtoto atavipata wapi, kwenye mwani?"

Wifi ndiye aliyecheka kwanza. Mimi nilikuwa nalia, na sikutaka waone, nikainama kumfunga mtoto nepi ambayo haikuwa imelegea.

Kabla hatujatoka muuguzi alitupa maneno sote wawili, na hayakuwa matamu. Alisema leo ni salama, lakini kesho haina ahadi maadamu vya mume bado havijashuka, kwa hivyo kunyonyesheana watoto kuishe. Mimi akanionyesha kukamua maziwa yangu kwa mkono kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko, mtoto apewe kwa kijiko nikiwa kazini. Nilishangaa. Miezi minne nilikuwa nikiyamwaga baharini, yananilowanisha nguo, na hakuna aliyewahi kuniambia yanakamulika. Wifi akabadilishiwa kikopo chake. Nilimwona anachukua pamba kutoka begini, anaishindilia juu, kisha anafunga.

Njia ya kurudi tulikaa kiti kimoja. Aliniomba neno moja tu, mama yake asijue. Sikumwapia. Nilimwambia siri si yangu, siwezi kuitoa. Nikamwambia pia bado nina hasira naye, maana angeweza kuniita pembeni siku ya kwanza. Akasema anajua. Akauliza na mama je. Nikasema mama ndiye zaidi.

Mavyaa alitungoja barazani na shoga zake wawili, na juu ya paja lake ilikuwepo ile chupa ya dawa ya maji. Kaikuta kwenye nepi. Hakutupa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ziwa la mwanangu lina nini," akaniuliza, "hata umbebe mjukuu wangu kwenda kumwosha tumbo?"

Wale shoga waliacha kutafuna tambuu. Wifi alikuwa nyuma yangu. Ningeweza kusema. Neno moja tu lilitosha, na mavyaa angeinama hapo hapo, mbele ya watu wake, kwa wiki zote alizonidanganya. Nililionja lile neno. Lilikuwa tamu.

Nikasema, "Halina kitu, Mama. Ziwa la wifi zima. Mtoto ni wangu, na sikuulizwa."

"Kumbe wivu," akasema mavyaa, akawageukia wenzake.

"Ndiyo. Nina wivu."

Shoga mmoja akasema wasichana wa siku hizi hata maziwa wanahesabiana. Wakacheka. Habari ikatembea, na mpaka sasa nikipita kisimani kuna anayeniita mwenye ziwa lake. Mume wangu alipiga simu kunipa pole na kunisuta kwa pamoja, akasema si nilikwambia. Nikamwambia akija sikukuu tutapitia Gombani kwanza, mimi na yeye, kabla hajaweka begi. Akauliza kuna nini Gombani. Nikasema njoo tu.

Bamvua iliyofuata niliamka mapema nikakamua. Mkono uliuma, kikombe kilijaa robo, kisha nusu, mpaka nikajishangaa. Mavyaa alisimama mlangoni akaniangalia, akasema maziwa ya mtu kwenye kikombe kama ya mbuzi, haya tunayaona wapi. Akanyoosha mkono akipokee, kama kawaida yake, mtoto ni wa kukaa naye yeye. Nikafunga kifuniko, nikampita, nikaenda chumba cha wifi nikampa kikombe na kijiko mkononi, nikamwekea na mtoto.

Nikamwambia akiamka ampe kidogo kidogo, asimlaze chali. Akasema amesikia. Mavyaa akauliza kwa sauti ya kutaka nisikie, hivi sasa mwenye nyumba hii ni nani. Nikachukua kamba zangu za mwani nikatoka.